Aliyeitikia Jina la Shehata

Inshirah alimwita mwanawe aje kula, na mwanawe akaitika kutoka juu ya paa.

"Naam, mama."

Sauti ilikuwa yake kabisa, nyembamba, yenye ule uvivu wa mtoto aliyekatizwa mchezo. Ila Shehata hakuwa juu ya paa. Alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa zizi, hapo hapo uani mbele ya mama yake, akimlisha nyati wao wa maziwa majani ya miwa, na mdomo wake ulikuwa umefumbwa. Naye aliisikia. Aliinua uso akatazama juu, kisha akamtazama mama yake, kama anayeuliza iwapo inaruhusiwa kucheka.

Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama utosini. Watu wa Misri ya Juu, kule kusini, hawaogopi usiku kama wanavyoiogopa saa hiyo. Usiku watu wapo, wanakohoa, wanagombana, wanakunywa chai. Adhuhuri vichochoro huwa vitupu, mbwa wamejichimbia kwenye kivuli cha ukuta, na kila mwenye akili timamu amejifungia ndani kwake. Inshirah alijiambia ni watoto wa jirani, maana watoto wa kichochoro kile hawakuwa na adabu na kuigiza sauti za watu ndiyo ilikuwa kazi yao. Akapanda ngazi kwenda kuwatimua.

Juu hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mikate tu, mabonge ya unga aliyoyaanika asubuhi kwenye visahani vya udongo yaumuke kwa jua. Bonge moja lilikuwa limebonyezwa katikati kwa vidole vidogo. Na hewa ya pale juu, ambayo siku zote hunuka vumbi na mavi ya njiwa, ilikuwa na harufu nyingine: jasho la mtoto mdogo aliyelala kwenye joto, tamu, yenye uchachu kidogo. Inshirah aliijua harufu ile. Aliijua kabla hajataka kuijua, akashuka ngazi haraka, na siku ile hakumwita tena mwanawe kwa jina.

Jina lenyewe si la kumpa mtoto kwa sababu linapendeza masikioni. Shehata ni kile anachopata mwombaji mlangoni mwa watu. Mgeni kutoka Kairo akilisikia hutabasamu pembeni, akidhani wazazi walikuwa washamba. Akiambiwa lilivyokuja, hunyamaza. Maana kila mwanamke ana dada yake chini ya ardhi, wa sura yake na umri wake, na wako madada wenye roho mbaya. Mwanamke anayezaa na kuzika, akazaa tena akazika tena, basi dada yake wa chini anamwonea wivu, anakuja kuchukua. Huwezi kupigana naye. Unachoweza ni kumdanganya.

Kwa hiyo mtoto akizaliwa, mama huvua bangili zake, huvaa matambara, hutoka pekupeku na kichanga kifuani na kubisha nyumba saba. "Nisaidieni, nina kitoto cha kuokota, sina cha kumvisha." Majirani wanajua, na wanajifanya hawajui. Atakachopewa ndicho mtoto atakachovaa, na jina lake litakuwa Shehata, ili dada wa chini akija kumtafuta mtoto wa fulani akute hayupo, kuna kitoto cha kuombwa tu, ambacho hakuna wa kukionea wivu. Masharti ni machache. Upokee unachopewa. Na nguo ya mtoto aliye hai, yenye jasho lake, usiiguse.

Inshirah alikuwa amezika watatu. Alipomzaa huyu wa nne alibisha milango yote saba, na mtoto akaishi, akawa na meno, akawa na maneno, akafika umri wa kutumwa dukani. Bado kulikuwa na mlango mmoja kati ya ile saba ambao hakupenda kuukumbuka, na kwa bahati mbaya ulikuwa mwisho wa kichochoro chake mwenyewe.

Siku chache baadaye aliitwa na mkwewe, Bi Rasmiya, ambaye alikwisha pofuka macho na aliyekuwa akikaa kutwa kwenye kibaraza cha ndani na tasbihi yake.

"Mwambie mjukuu wangu aache kunivutavuta shela," Bi Rasmiya alisema.

"Shehata amelala, mama."

"Amelala wapi? Huyu hapa, amenishika goti." Bibi alishusha mkono, akapapasa hewani, na uso wake ukabadilika. Aliurudisha mkono taratibu akauficha kwapani. "Inshirah," akasema kwa sauti ya chini sana, "mtoto gani huyu mwenye mikono ya baridi hivi?"

Tangu hapo kila adhuhuri ilikuja na jambo lake. Mlango wa nje uligongwa chini kabisa, pale ambapo mkono wa mtoto hufika, na ukifunguliwa hakuna kitu ila kichochoro cheupe kwa jua. Harufu ile ilikaa kwenye mito, kwenye unga, kwenye nywele za Inshirah mwenyewe hata alipoziosha. Na Shehata alianza kukauka sauti. Mwanzo walidhani ni mafua, wakampa maji ya ndimu. Lakini sauti haikukwaruza kama ya mwenye mafua. Ilipungua tu, kila siku kidogo zaidi, mpaka ikabidi uinamishe sikio kusikia anachotaka. Inshirah aligundua mwenyewe mpangilio wa mambo: kila alipojisahau akaliita lile jina, na yule mwingine akaitika, mwanawe aliamka kesho yake na sauti ndogo kuliko ya jana.

Mumewe, Dahi, alikuwa Kuwait akijenga majumba ya watu. Hakukuwa na wa kumwambia. Akamwita Damiana.

Damiana alikuwa mkunga wa kijiji, Mkristo, mwenye msalaba uliochanjwa kifundoni mwa mkono, na Waislamu na Wakristo wote alikuwa amewapokea kwa mkono huo huo. Aliingia akipumua kwa nguvu, akaomba chai kabla ya salamu.

"Nusu ya kijiji hiki nimeitoa tumboni mimi," alisema akijitupa kwenye benchi, "na hiyo nusu nyingine inanikumbusha kwa nini nimechoka. Haya. Yuko wapi mwombaji wangu?"

Shehata alipelekwa kwake. Damiana alimwangalia ulimi, macho, nyuma ya masikio. Utani ukamwisha. Akamvuta mtoto katikati ya magoti yake, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Mwite," alimwambia Inshirah.

"Bi Damiana, nakuomba. Kila nikimwita..."

"Najua. Mwite mara hii moja."

Inshirah aliita. "Shehata."

Njiwa waliacha kuguruma kule juu. Kisha ndani ya tanuri la udongo, lililokuwa baridi na mdomo wake umezibwa kwa bati, sauti ikasema karibu sana, "Naam, mama."

Bi Rasmiya alianza kusoma aya zake kwa mnong'ono. Damiana hakutikisika, ila mkono wake ulikaza kwenye mdomo wa mtoto mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Wewe nani?" aliliuliza tanuri.

"Shehata."

"Shehata wa nani, mwanangu?"

Sauti ilikuwa ya mtoto anayejaribu kukumbuka. "Sijui. Niliombwa mlangoni. Mama akanitoa."

Bati likacheza kidogo, likatulia, na harufu ya jasho ikajaa ua mzima. Damiana alimwachia mtoto akamsukuma kwa bibi yake. Kisha alimgeukia Inshirah, na jicho alilomkazia halikuwa la mganga, lilikuwa la mtu aliyeibiwa.

"Siku ile ulipoomba. Ulipokea nini, na kwa nani?"

Inshirah aliangalia miguu yake. Miaka yote hiyo alikuwa amejizoeza kulikwepa swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Kwa Nabawiya," alisema. "Kanzu ya Yunis wake. Ilikuwa na jasho."

"Alikupa hiyo?"

"Alinipa kitambaa kipya. Mimi nikaona kanzu imevuliwa pale mkekani, mtoto amelala, kanona, mapaja yana mikunjo. Nikamwomba ile. Akasema ngoja niifue. Nikasema hapana, nipe hivyo hivyo. Hakujua. Si mtu wa huku, kaolewa kutoka kaskazini. Mimi nilijua. Nilijua dada yangu atafuata jasho. Nilisema moyoni, basi na aende nyumba nyingine. Mara moja tu, aende nyumba nyingine."

Yunis, mtoto wa miaka miwili, alikufa kabla ya Inshirah kutoka arubaini.

"Ningekuwa na jini hapa ningelifukuza," Damiana alisema baadaye, chai yake imepoa. "Huyu si jini. Huyu ni mtoto wa mtu. Dada yako alimchukua kwa jina ulilolitangaza wewe, na huko chini amelelewa kwa jina hilo. Sasa kafika umri wa kuuliza kwao ni wapi, na kutwa anasikia mama anaita Shehata, Shehata. Anaitika. Ungekuwa wewe usingeitika?"

"Na wangu je?"

"Jina moja halivaliwi na wawili. Leo ni sauti. Kesho atamfuata." Alijiinua kwa shida. "Nenda kwa mama yake ukamwambie. Akimjua mwanawe, akamwita mwenyewe, mtoto atakwenda kwao. Lakini umwambie yote, Inshirah. Usimkatie kipande."

Nabawiya alikuwa akiishi peke yake kwenye chumba kimoja mwisho wa kichochoro, naye alikutwa akitunga bamia kwenye uzi azianike. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole kupita kiasi, wa kuomba radhi hata anapokanyagwa yeye. Inshirah alikuwa amempelekea mikate na nyama kwa miaka, sikukuu zote, na watu walimsifu kwa hilo, na kila sifa ilikuwa ikimchoma.

"Karibu, dada. Shehata wangu hajambo? Nimemwekea pipi."

Hilo lilikaribia kumrudisha mlangoni. Alipiga moyo konde, akakaa chini kwenye udongo, akasema habari ya kanzu kuanzia mwanzo. Nabawiya aliendelea kutunga bamia mpaka katikati ya maneno, kisha mikono ikasimama.

"Ile ya mistari ya kijani," alisema.

"Ile."

"Nilitaka kuifua."

"Ulitaka. Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Nabawiya alilia bila sauti, machozi yakidondokea bamia. Inshirah alingojea matusi, alingojea kofi, angeyapokea kwa furaha. Badala yake mkono ulikuja ukamshika bega.

"Ulikuwa umezika watatu," Nabawiya alisema. "Mimi baada ya mmoja tu nilikuwa nataka kumeza udongo. Mungu akusamehe. Mimi nimekusamehe." Alijifuta uso kwa ukingo wa shela. "Lakini niambie, dada. Kumbe ilikuwa kanzu. Basi kwa nini mimi niliambiwa ni yale maji?"

Sasa hapo ndipo Inshirah alipopewa nafasi yake, mkononi, kama mtu anavyopewa mkate. Maana msiba wa Yunis ulipokaa, wanawake walipoanza kuulizana kilichomuua mtoto mzima vile, ilinong'onwa kwamba Nabawiya alimwaga maji ya moto uani bila kutaja jina la Mungu, akawaunguza watoto wa wale wa chini, nao wakalipiza. Neno hilo lilitembea kijiji kizima. Mumewe alimwacha kwa neno hilo, akaoa kwingine. Nabawiya mwenyewe aliliamini, kwa sababu ni mama gani anayekumbuka kila sufuria aliyoimwaga? Hakurudi kwao kaskazini. Kaburi lilikuwa hapa, na aliona si haki yake kulikimbia. Na aliyelitamka neno hilo kwanza, pale msibani, kwenye sikio la jirani aliyekaa karibu naye, ili mtu yeyote asije akaanza kufikiria kanzu, alikuwa Inshirah.

"Watu husema mengi," alijibu.

Kisha akamweleza ya sauti inayoitika adhuhuri na neno la Damiana, kwamba amwite Yunis wake. Nabawiya alitikisa kichwa kwamba hawezi, akampa ile pipi ampelekee mtoto.

Jioni ile Shehata aliomba maji kwa sauti iliyosikika toka chumba cha pili, na Bi Rasmiya akamshukuru Mungu mara nyingi. Inshirah alijilazimisha kufurahi. Alijiambia aliyemsamehe kamsamehe, na lile jingine lilikuwa dogo, lilikuwa la zamani, na kulifukua kungekuwa kumwumiza mwenzake bure. Alijiambia hayo mpaka kesho yake adhuhuri, alipotoka zizini akakuta mlango wa nje uko wazi na kitanda cha mtoto kitupu.

Alimwona mwisho wa shamba la miwa, mbali, kanzu yake nyeupe ikienda moja kwa moja kwenye mfereji mkubwa kama mtu aliyeitwa. Alikimbia bila viatu. Alijua asimwite, alijikumbusha kila hatua asimwite, lakini mtoto alikuwa amefika ukingoni na hakupunguza mwendo, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari umeingia kwenye matope meusi, na Inshirah akiona kwamba hatafika kwa wakati, kwamba miwa inamkata miguu na jua linampiga machoni na umbali haupungui, alifungua kinywa na jina likamtoka lote, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, "Shehata," na kutoka katikati ya maji yaliyolala kimya bila wimbi, ile sauti ikaitika kwa furaha, safi, kubwa, sauti ya mtoto mzima asiyeumwa kitu, "Naam, mama, niko huku," na mwanawe akatabasamu akaifuata mpaka maji yakamfika kifuani.

Alimkamata kwa ukosi wa kanzu. Alimvuta, na kitu fulani chini ya maji kikamvuta pia, si kwa ukali, bali kama mtoto anavyomng'ang'ania mwenzake asiende nyumbani. Shehata alifungua mdomo kupiga kelele. Mishipa ya shingo ilimsimama, macho yalimtoka, na hakuna kilichotoka kinywani mwake hata punje. Kelele ilisikika. Ilitoka ndani ya maji.

Hakwenda nyumbani. Alimbeba mtoto mabegani, matope yakiwachuruzika, akapita kijiji kizima mpaka kwenye tanuri kubwa walipokuwa wakioka wanawake wa kichochoro, saa mikate imekwisha umuka na moto umekolea. Nabawiya alikuwa mdomoni mwa tanuri na koleo lake refu. Fawkiya, ambaye ulimi wake haukujua siku ya mapumziko, ndiye aliyewaona kwanza.

"Ee, umemnywesha mto mzima huyo? Inshirah, unaogeshea wapi siku hizi?"

Hakuna aliyecheka baada ya kumwona mtoto usoni. Alikuwa ameanza kuwa wa rangi ya kijivu, na kifua chake kilikwenda juu na chini bila sauti yoyote ya pumzi.

Inshirah alisimama mbele yao. Alikuwa amesema uongo mbele ya wanawake, na alijua sasa kwamba hawezi kuufutia chumbani.

"Nabawiya hakumwaga maji," alisema. "Hakuna maji yaliyomwagwa. Nilizua mimi, msibani kwake, nikamwambia Fawkiya sikioni. Yunis alikufa kwa sababu yangu. Nilichukua kanzu yake nikijua, halafu nikaona mtu atanishuku, nikamtupia mama yake. Mumewe kamwacha kwa maneno yangu. Nyinyi mmemkwepa kwa maneno yangu, mmekataa asishike watoto wenu. Na jana alinisamehe ile kanzu, akaniuliza habari ya maji, nikanyamaza tena."

Moto ulilia ndani ya tanuri. Fawkiya alikuwa ameshika shavu kana kwamba kapigwa. Mikate ilianza kuungua na hakuna aliyeisogelea.

Nabawiya aliweka koleo chini. Alifanya hivyo kwa uangalifu, akalilaza ukutani, akajipangusa unga mikononi. Alipozungumza alimwangalia mtoto, hakumwangalia Inshirah.

"Sijawahi kulitaja jina lake tangu nimzike," alisema. "Niliona sina haki. Niliona mtoto uliyemuua mwenyewe utamwita kwa kinywa gani? Alikuwa akija, unajua. Adhuhuri. Nilimsikia akigonga chini mlangoni pangu, nami nikajifunika shela kichwani mpaka aondoke. Nilidhani amekuja kunilaumu. Miaka yote hii nilimwacha mwanangu nje juani."

"Nabawiya, dada yangu..."

"Usiniite hivyo."

Alitoka kwenye kivuli cha tanuri akasimama katikati ya njia, kwenye jua kali, na akaita. Mwanzo hakuna kilichotoka, alikuwa amesahau jina hilo linavyosemwa kwa sauti. Akaita tena.

"Yunis."

Njia ilikuwa tupu mpaka kwenye miwa. Wanawake wote walikuwa pale, na wote wamesimulia hivyo hivyo tangu siku hiyo, hata Fawkiya, ambaye hajaongeza neno. Walisikia mtoto akiitika kutoka upande wa mfereji, na haikuwa tena sauti ya Shehata, ilikuwa nyingine, nene kidogo, yenye kithembe. "Naam, mama." Walisikia miguu midogo yenye maji ikikimbia, pata, pata, pata, wakaona vumbi la njia likilowa alama moja baada ya nyingine mpaka miguuni mwa Nabawiya, na wakaona gauni lake jeusi likivutwa chini upande mmoja. Harufu ya jasho la mtoto ilipita usoni mwao. Nabawiya aliinama, akashusha mkono wake, vidole vikafumba juu ya kitu, na akaenda zake nyumbani hivyo, ameinama upande, hatua fupi fupi, kama anavyotembea mtu na mtoto mdogo.

Mgongoni mwa Inshirah, Shehata alikohoa maji meusi mengi. "Mama," alisema, kwa sauti yake, na kila mtu akaisikia. "Nina njaa."

Alipona. Alikula, akanenepa, akaanza kupigana na wenzake na kuvunja vitu vya watu, na alipoitwa aliitika mwenyewe. Bi Rasmiya hakuguswa tena na mkono wowote. Damiana alikuja kumtazama, akanywa chai, akasema dada wa chini alikwisha ondoka na safari hii hana cha kudai. Inshirah alimshukuru. Lakini mikate aliyompelekea Nabawiya ilirudi kwenye kizingiti chake bila kuguswa, siku ya kwanza, ya pili, na zote zilizofuata, na msamaha alioupata kwenye kile chumba haukuwa wa hili jingine, na alijua.

Basi siku moja alivua bangili zake. Hakuwaza habari ya matambara. Alitoka tu kama alivyo, pekupeku, saa ile ambayo hakuna anayetoka, akaenda mpaka mwisho wa kichochoro. Alikuwa ameyapanga maneno yake. Alipofika mlangoni alisikia ndani kunachekwa. Nabawiya alikuwa akicheka, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, na mwingine alikuwa akicheka naye, kwa kithembe, na vijiko viligongana kwenye sahani.

Inshirah alibisha. Kicheko kikakoma.

"Nani huyo, mama?" iliuliza sauti ya mtoto.

"Mwombaji tu, mwanangu," Nabawiya alisema. "Kula. Akichoka ataondoka."